Kaye na Kompyuta: Alama za ##### si wizi

 

Katika ukurasa huu tunaendelea na masomo yetu ya kutoa hesabu za kikundi kwenye kaye na kuziweka kwenye kompyuta. Wiki hii hatutajifunza kujumlisha wala kugawanya. Tutaangalia jambo linaloonekana dogo: upana wa safu na urefu wa mistari kwenye jedwali. Tumelichagua kwa sababu maswali mengi tunayoletewa yanatoka hapo, na kwa sababu limeshaleta maneno mabaya kati ya wanawake wanaopendana.

Maneno hayo huanza hivi. Mwaka wa kikundi umekwisha, siku ya kugawana imekaribia. Karani ameandika hesabu zote kwenye kompyuta aliyoazimwa, akaziweka kwenye fleshi, akazipeleka sekretariati zichapwe. Karatasi inarudi. Majina yanaonekana, lakini pale penye jumla ya pesa, mahali ambapo kila mama anatazama kwanza, hakuna namba. Kuna alama tu: #####. Mmoja anauliza, "Pesa zetu zimeenda wapi?" Mwingine anasema karani ameziba makusudi. Karani mwenyewe hajui la kujibu, maana kwenye kompyuta alikoandikia aliziona vizuri. Mgawo unaahirishwa, na mtu mwaminifu anarudi nyumbani na jina la mwizi.

Tuseme wazi tangu mwanzo: alama zile si wizi, na namba haijapotea. Iko mahali pake, kamili. Nafasi iliyoandikwa ndani yake ni nyembamba kuliko namba yenyewe, basi kompyuta inakataa kuonyesha nusu ya namba na kuweka alama. Na inafanya vizuri. Kama ingekata 13 000 000 na kuacha 13 000, nani angejua?

Nafasi zilizopimwa na wengine

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Jedwali la kompyuta, liwe la Excel au la LibreOffice Calc, ni kama kaye yenye mistari. Mstari ni ule unaolala, nao una namba pembeni: 1, 2, 3. Safu ni ile inayosimama, nayo ina herufi juu: A, B, C. Pale mstari na safu vinapokutana tunapaita chumba.

Ukifungua jedwali jipya, vyumba vyote viko sawasawa. Hukuvipima wewe, vimekuja hivyo. Hivyo ndivyo vipimo vya kuanzia. Katika Excel inayotumia mwandiko wa Calibri wa ukubwa wa 11, safu ina upana wa 8,43, maana yake inabeba tarakimu nane hivi. Mstari una urefu wa pointi 15, yaani nusu sentimeta na kidogo. Katika Calc safu ni sentimeta 2,26 na mstari ni sentimeta 0,45. Pointi ni kipimo cha wachapaji: pointi 72 zinafanya inchi moja, na pointi 28 na kidogo zinafanya sentimeta moja.

Jedwali la kwanza la namna hii kwa kompyuta ndogo lilitoka Marekani mwaka 1979. Liliitwa VisiCalc, na walioliunda ni Dan Bricklin na Bob Frankston. Kwa mtu anayehesabu dolari, tarakimu nane ni nafasi kubwa: anaweza kuandika milioni kadhaa na chumba kikabaki na hewa. Sisi tunahesabu franka, na noti yetu kubwa ni ya 20 000.

Tupige hesabu ya AVEC moja. Wamama 25, hisa moja ni 2 000 FC, na kila mmoja ananunua hisa tano, ambazo ndizo mwisho kwa mkutano mmoja. Kwa wiki moja sanduku linapokea 250 000 FC. Kwa wiki 52, ikiwa kila mmoja amefika kila mara, ni 13 000 000 FC, kabla ya riba na faini. Sasa hesabu nafasi: tarakimu nane, nafasi tupu mbili kati ya maelfu, nafasi tupu nyingine, na herufi F na C. Jumla ni 13. Chumba cha nafasi nane hakiwezi kubeba 13, kama vile bidoni ya lita tano haiwezi kubeba mawese ya lita nane.

Na majina yetu? Mkongomani anaandikwa kwa majina matatu: nom, postnom na prénom. Kwenye kadi ya uchaguzi yako yote matatu. Chukua biki, andika jina lako kamili, uhesabu herufi. Wengi wetu tunapita 20. Safu ya nafasi nane inaonyesha nom peke yake, na pengine hata hiyo haifiki mwisho.

Kwa hiyo karani hajakosa akili. Alikuta nyumba iliyojengwa kwa watu wengine, akaingia na mizigo yetu. Kazi ni kupanua milango.

Dalili ya kwanza: #####

Kompyuta zetu nyingi zinasema Kifaransa, basi tutataja maneno ya kubonyeza kama mtakavyoyakuta kwenye kioo.

Peleka mshale juu kabisa, kwenye mpaka wa kulia wa herufi ya safu ile. Mshale utageuka kuwa na ncha mbili. Bonyeza mara mbili haraka. Safu itapanuka yenyewe mpaka namba ndefu kuliko zote ionekane. Kama mkono haujazoea, chagua safu, nenda "Accueil", kisha "Format", kisha "Ajuster la largeur de colonne". Katika Calc nenda "Format", "Colonnes", "Largeur optimale".

Kuna mahali pamoja ambapo kupanua hakusaidii. Katika Excel, kama alama zinabaki kwenye chumba cha tarehe hata baada ya kupanua, mara nyingi tarehe mbili zimetolewa kinyume: ya mbele imetolewa kwenye ya nyuma, na jibu likawa chini ya sifuri. Tazama hesabu yenyewe, si upana.

Dalili ya pili: 1,3E+07

Hii inatisha kuliko ya kwanza, maana inafanana na namba. Mama anasoma "moja na tatu" na kushtuka. Ni ufupisho wa watu wa sayansi: 1,3 ikisogezwa nafasi saba, yaani 13 000 000. Inakuja pale ambapo chumba hakijaambiwa kwamba ndani yake kuna pesa, na mtu ameibana safu kwa mkono. Panua safu, kisha chagua vyumba vya pesa na kuwapa sura ya namba yenye nafasi kati ya maelfu. Mkiendelea hivyo, safu ikiwa ndogo mtaona #####, na hiyo ni afadhali, maana hakuna atakayeidhani ni pesa.

Namba za telefoni nazo hupatwa na jambo hili. Namba inayoanza na 243 ina tarakimu 12, na Excel hufupisha kila namba inayopita tarakimu 11, hata safu iwe pana kama uwanja wa mpira. Na ile inayoanza na 0 inapoteza sifuri yake ya mbele. Namba ya telefoni haijumlishwi, basi iandikwe kama neno: chagua safu ile, iwekee sura ya "Texte" kabla ya kuandika.

Dalili ya tatu: jina lililokatwa

Hapa tunaomba mtulie na kusoma polepole, maana hapa kompyuta haipigi kelele. Namba isiyoenea inatoa alama. Jina lisiloenea linanyamaza.

Ukiandika jina refu na chumba cha kulia ni kitupu, jina linamwagika juu yake na unalisoma lote. Ukishaandika idadi ya hisa katika chumba hicho, jina linakatwa pale pale. Excel haitoi alama yoyote. Calc inaweka pembetatu ndogo nyekundu pembeni ya chumba, lakini kwenye karatasi haitoki.

Katika vikundi vyetu wako mama na binti yake, mtu na mke mwenza wake, wajomba na majina yao waliyowapa wajukuu. Nom na postnom zinaweza kuwa sawa kabisa kwa watu wawili, na prénom peke yake ndiyo inayowatenganisha. Karatasi ikikata prénom, kuna mistari miwili yenye jina moja na hisa tofauti. Nani ana hisa 180 na nani ana 95? Tumeona ugomvi wa namna hii ukimalizika vizuri kwa sababu kaye ilikuwepo. Bila kaye, ingebaki ahadi ya mdomo.

Dawa ni mbili. Panua safu ya majina mpaka lile refu kuliko yote lionekane. Au, kama karatasi haina nafasi, chagua safu na ubonyeze "Renvoyer à la ligne automatiquement". Jina litakunjwa na kuendelea chini ndani ya chumba kile kile.

Dalili ya nne: mstari usiokua

Mnakunja jina, lakini mnaona nusu ya juu tu. Mstari umebaki na urefu wake wa zamani. Sababu ni mbili.

Ya kwanza: mtu alivuta mstari ule kwa mkono zamani, au alichagua jedwali zima na kuandika urefu mmoja. Tangu hapo kompyuta inasema, "Mwenye nyumba amepima mwenyewe, mimi siguzi." Kuirudishia ruhusa, bonyeza mara mbili kwenye mpaka wa chini wa namba ya mstari, au pitia "Format", kisha "Ajuster la hauteur de ligne". Katika Calc ni "Format", "Lignes", "Hauteur optimale".

Ya pili: vyumba viwili au vitatu vimeunganishwa kuwa kimoja, kwa "Fusionner". Wengi wanapenda kufanya hivyo ili kichwa cha habari kikae katikati. Excel haiwezi kupima yenyewe urefu wa mstari wenye vyumba vilivyounganishwa. Kwa kichwa cha ukurasa haina neno. Kwa orodha ya majina na pesa, msiunganishe.

Dalili ya tano: herufi zinazoruka

Safu inaweza kupewa upana wa sifuri. Hapo haionekani, lakini ipo. Mstari pia unaweza kupewa urefu wa sifuri. Mara nyingine inatokea kwa bahati mbaya, mkono umevuta mpaka kupita kiasi. Mara nyingine mtu ameficha kwa sababu nzuri, kwa mfano namba za telefoni zisionwe na kila mtu.

Lakini jueni hili: jumla ya kawaida inahesabu hata mistari iliyofichwa. Kama karatasi ina mistari 24 inayoonekana na jumla ni ya watu 25, hesabu ya mkono na hesabu ya kompyuta hazitakutana, na hapo ndipo shaka inapoingia.

Namna ya kujua ni rahisi, hata asiyejua kompyuta anaweza. Soma herufi za juu kwa sauti: A, B, C, E. Kama D imerukwa, D imefichwa. Soma namba za pembeni: 13, 14, 16. Kama 15 imerukwa, 15 imefichwa. Kuifungua, chagua mistari ya pande zote mbili, 14 na 16 pamoja, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, kisha "Afficher". Tunashauri wenye funguo za sanduku wafanye usomaji huo pamoja na karani, mbele ya kioo, kabla ya kuchapa. Karani mwaminifu atafurahi, maana ushahidi huo unamlinda yeye kwanza.

Kwenye kompyuta ya kwanza sawa, sekretariati vibaya

Swali hili limerudi mara nyingi: kwa nini tuliona namba zote kwenye kompyuta tuliyoandikia, na sekretariati zikageuka alama?

Jibu liko kwenye mwandiko. Excel haipimi safu kwa sentimeta. Inaipima kwa upana wa tarakimu za mwandiko wa kawaida wa faili. Tangu 2007 mwandiko huo ulikuwa Calibri. Kuanzia 2023 Microsoft imeanza kuweka mwingine mahali pake, unaoitwa Aptos. Faili iliyoandikwa kwa kompyuta mpya ikifunguliwa kwa kompyuta ya zamani isiyo na mwandiko ule, kompyuta inatafuta unaofanana nao, na huo unaweza kuwa mpana kidogo. Namba iliyokuwa imeenea kwa shida sasa haienei. Ndivyo ilivyo pia kutoka Excel kwenda Calc, au kutoka kompyuta kwenda telefoni.

Mambo matatu yanasaidia. Moja, msibane safu. Baada ya kubonyeza mara mbili, ongezeni nafasi mbili au tatu za akiba. Pili, tumieni mwandiko ulioko karibu kila mahali, kama Arial. Tatu, na hili ndilo kubwa: kabla ya kutoka, geuzeni faili kuwa PDF na kuiweka kwenye fleshi pamoja na faili ya kawaida. PDF ni kama picha ya karatasi. Itatoka vile mlivyoiona, kwa mashini yoyote. Fungueni PDF ile muitazame kabla ya kwenda, maana karatasi iliyoharibika nayo inalipwa.

Kubadilisha vipimo vyote mara moja

Kama jedwali bado jipya, hakuna haja ya kupanua safu moja moja. Nenda "Accueil", "Format", "Largeur par défaut", andika 16, na safu zote zitakuwa 16. Safu ambazo mtu ameshazigusa kwa mkono hazitafuata. Zitabaki na upana wake. Mkiona baadhi zimekataa, sababu ni hiyo, kompyuta haijaharibika.

Kwa mistari hakuna mlango kama huo. Urefu wake wa kuanzia unafuata ukubwa wa mwandiko wa kawaida wa faili: ukiongeza mwandiko kutoka 11 hadi 14, mistari yote inakua nao. Ukichagua jedwali zima na kuandika urefu kwa "Hauteur de ligne", itakubali, lakini kuanzia hapo mistari haitakua yenyewe, kama tulivyosema juu.

Jambo jingine: mkinakili orodha kutoka jedwali moja kwenda jingine, vyumba vinahama lakini upana hauhami. Orodha nzuri inaingia kwenye nyumba nyembamba. Wakati wa kubandika, chagueni "Conserver la largeur des colonnes sources", au nakilini safu nzima kwa kubonyeza herufi yake ya juu.

Vipimo tunavyopendekeza

Kwa orodha ya mgawo ya AVEC, mwandiko wa 11, karatasi ya A4 iliyosimama, jaribuni hivi:

Namba ya mwanachama: 5
Majina matatu: 32
Idadi ya hisa: 8
Pesa anazopokea: 16
Sahihi au kidole: 18

Jumla ni 79, ambayo inafanya kama sentimeta 15. A4 ina sentimeta 21, na ukitoa pembe za kawaida inabaki 17 na kidogo. Mnaona imeenea, na akiba iko.

Sasa urefu wa mistari, na hapa tunawakumbuka mama zetu na bibi zetu wasiotumia biki. Mstari wa pointi 15 ni nusu sentimeta. Kidole gumba hakiingii. Wino unapanda juu ya jina la jirani, na baadaye haijulikani alama ni ya nani. Kwa anayeweka sahihi kwa biki, pointi 30 zinatosha. Kwa anayeweka kidole, pointi 57, yaani sentimeta mbili. Si lazima mistari yote ilingane. Kama wengi kwenu wanaweka kidole, orodha ya wamama 25 itachukua karatasi tatu. Ni gharama, lakini alama ya kidole inayosomeka ndiyo sahihi ya mama yule, na ina heshima sawa na ya biki.

Karatasi zikiwa zaidi ya moja, vichwa vya safu virudiwe juu ya kila moja. Njia ni "Mise en page", "Imprimer les titres", na kuchagua mstari wa kwanza. Mtu asishike karatasi ya pili bila kujua namba ipi ni hisa na ipi ni pesa.

Na tahadhari moja. Mashini inaweza kuambiwa ibane kila kitu kwenye ukurasa mmoja. Itatii, lakini kwa kupunguza maandishi mpaka bibi ahitaji macho ya mjukuu wake. Afadhali mchague upana wa ukurasa mmoja na kuacha urefu uendelee kwenye karatasi nyingine.

Kabla ya kufungua sanduku

AVEC tulizo nazo leo zilianza Niger, katika eneo la Maradi, mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa huko. Wengi wao hawakujua kusoma, na hesabu ziliwekwa kwa kusemwa kwa sauti mbele ya wote na kukumbukwa. Hawakuwa na kaye wala kompyuta. Desturi ile ya kusema kwa sauti tusiiache kwa sababu tumepata mashini.

Basi siku ya mgawo tufanye hivi. Kaye iwe mezani. Karatasi ya kompyuta iwe mezani. Mmoja asome jina kamili na pesa kutoka kwenye karatasi, mwingine afuate kwa kidole kwenye kaye, na mwenye jina aitike. Pakitokea #####, au jina lililokatwa, au namba ya ajabu, asitajwe mtu. Isomwe namba ya kwenye kaye, iandikwe kwa biki pembeni, na safari iendelee. Safu itapanuliwa kesho. Jina la mtu likishachafuliwa mbele ya kikundi, halipanuliwi kwa kubonyeza mara mbili.

Kazi ya nyumbani wiki hii ni kwa mama na mtoto wake wa sekondari. Wengi wa watoto wetu wanasikia masomo ya kompyuta shuleni bila kuigusa. Mkipata mashini yenye batri, hata kwa nusu saa, keti naye. Fungueni jedwali jipya, andikeni 13 000 000 yenye FC mbele ya macho yenu, ibaneni safu mpaka alama zitokee, kisha muipanue mpaka namba irudi. Mama akishaiona namba ikirudi kwa macho yake, hatamshtaki karani tena.

Maswali yenu yaleteni kwa viongozi wa kikundi, yaandikwe kwenye kaye ya maswali. Wiki ijayo tutaona namna ya kuweka neno la siri kwenye faili, na nani katika kikundi anapaswa kulijua.

Tunawatakia wiki njema, na mgawo wa amani kwa wale walio karibu.